Kifumufumu uani: nani amekipanda? Tupeane uzoefu

Niko Wakiso, Uganda, kiwanja cha futi 50 kwa 100. Kila Januari bustani yangu huwa vumbi tupu. Mwaka juzi kifumufumu kimoja, mmea wa porini wa hapa kwetu, kiliota chenyewe nyuma ya tangi la maji, nikakionea huruma nisiking'oe. Mvua ikakatika, vyote vikanyauka, chenyewe kikazidi kuchanua: ile mipira ya miiba yenye maua ya rangi ya chungwa, imepangana kwenye shina kama mishikaki. Asubuhi ndege chozi wanafukuzana hapo. Sasa ninao mstari mzima kando ya ua. Nyinyi je?

Wa Kasese: Huu mwaka wangu wa tatu. Mpira ukikauka, uvalishe mfuko wa karatasi, uinamishe, utikise. Mbegu zinadondoka zenyewe. Mimi huzimwaga mvua za Machi zikianza, juujuu tu. Nilikosea kuweka mbolea ya ng'ombe: kilirefuka kunipita, upepo ukakilaza juu ya maharage.

Mama wa Bombo: Kwangu tatizo ni watu. Hapa ua safi ni ule uliofagiliwa mpaka udongo unang'aa. Nilirudi kutoka sokoni nikakuta mama mkwe ameita kijana na panga. "Nimekuondolea kichaka, nyoka wangeuma watoto." Ungesemaje? Nilimpikia chai. Siku hizi nakipanda nyuma ya jiko. Ila kweli miiba inachoma, msikiweke njiani.

Mzee Nyuki, Arua: Mimi nina ile alizeti pori, maua makubwa ya njano. Nyuki wanaifurahia. Si ya hapa hapa?

Mwenye mada: Hapana mzee, hiyo ni tithonia, asili yake Meksiko na Amerika ya Kati. Ya njano ya kwetu ni makayi, ile ambayo bibi zetu walikuwa wakikamulia majani yake kwenye kidonda. Maua yake madogo, majani yanakwaruza. Na kifumufumu hicho hicho, Waaustralia wanakihesabu gugu, kwa hiyo nami hukata mipira mingi kabla mbegu hazijapukutika.

Wa Kasese: Nilisahau. Wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao wanashinda kwenye kifumufumu, wakitoka hapo wanahamia kwenye maua ya pasheni. Msimu huu nimechuma mpaka nikagawa kwa majirani. Ila boriti ya banda la kuku ina matundu saba.