Umeme wa tiara: pesa za umma ziingie au zisubiri?

Wakuu, tujadili hili. Kuna wahandisi wanaotaka kuvuna upepo bila kujenga mnara. Wanarusha tiara kubwa au ndege isiyo na rubani iliyofungwa kamba, inakata upepo ikichora namba nane angani. Ikivuta, kamba inafunguka na kuzungusha jenereta iliyo chini. Kamba ikiisha inakunjwa kwa umeme kidogo, kazi inaanza upya. Wengine hubeba jenereta hukohuko juu na kushusha umeme kwa waya.

Mimi nasema pesa za umma zisubiri. Hesabu sibishani nayo. Mhandisi Mmarekani Miles Loyd alionyesha tangu 1980 kwamba tiara inayokata upepo inaweza kutoa umeme mwingi; kasi ya upepo ikiwa mara mbili, nguvu yake ni mara nane, na kule juu upepo kwa kawaida una kasi zaidi. Ila waangalieni kampuni ya Makani. Google iliwanunua 2013, wakaunda ndege ya kilowati 600 yenye mabawa ya mita 26. Mwaka 2019 wakairusha baharini Norway, ikaishia majini. 2020 Alphabet, kampuni mama ya Google, ikafunga mradi. Kama hao wameshindwa, mlipa kodi ataweza?

— Mkuu, hapo nakupinga. Makani walichagua njia ngumu kuliko zote, kupandisha jenereta angani. Tiara ya kitambaa ni nyepesi, na mitambo yake yote inaingia kwenye kontena. Kampuni ya Ujerumani, SkySails, wameshaifikisha Mauritius. Halafu kwenye panga la mtambo wa kawaida, ncha ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Tiara ni ile ncha. Zege na chuma cha mnara umeviacha nyumbani. Kwa kisiwa kinachochoma dizeli usiku kucha, utasubiri nini?

— Kisiwa nakupa, na kambi za migodi pia. Lakini kitambaa kinaliwa na jua, kamba inachoka kwa kukunjwa na kukunjuliwa kila dakika chache, na anga lazima lifungwe kwa ndege za wengine. Tena haya ni madogo. Upepo ukitulia, mtambo wa mnara unasimama tu palepale. Tiara lazima ishushwe kabla haijaanguka, kisha irushwe tena, saa tisa usiku, mvua inanyesha, hakuna mtu pale. Nionyeshe moja iliyofanya hivyo yenyewe mwaka mzima, nami nitahamia upande wako.