Kozi ya uhusiano wa viwandani: kweli ni ya kufuta watu kazi?

BintiWaFreeArea (Nakuru)
Hamjambo. Nilipata B- na sasa najaza kozi za KUCCPS, wale wanaotupangia nafasi za vyuo. Nimeona moja ya uhusiano wa viwandani na kazi. Baba alikata maua Naivasha miaka kumi na mmoja kama kibarua, na anasema huko watu husomea kufuta wenzao. Mama naye ni ualimu tu. Mliopitia, hufunzwa nini hasa?

MzeeKondele
Binti, mimi chuo sikuingia. Nilikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kiwandani hapa Kisumu. Kuna mwenzetu wa zamu ya usiku alipewa barua ya kufutwa langoni, ndala bado miguuni. Eti gunia limepotea. Hakuna aliyemuuliza lolote.

Nikaingia ofisini na kijitabu cha Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41: kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, mweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mwenzake au mtu wa chama akiwepo, kisha msikilize. Meneja mkuu akacheka. Kando yake alikaa kijana wa rasilimali watu, aliyesomea kozi hiyo unayoiulizia. Akamnong'oneza bosi. Kicheko kikakatika, barua ikarudishwa, kikao kikawekwa Jumatatu. Gunia lilikuwa kosa la hesabu za stoo. Sisi wa chama tulipiga kelele, sikatai, lakini aliyemwokoa jamaa alikuwa upande ule mwingine wa meza.

Kajulu_HR
Utasoma sheria, uchumi, majadiliano ya mishahara, na takwimu (mimi nilizirudia). Utajua kwa nini mkataba wa pamoja, ule wa chama na mwajiri, hauna nguvu hadi usajiliwe mahakamani. Kabla hujajaza, nenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi hapo Nakuru, ukae viti vya nyuma asubuhi moja usikilize kesi.

JamaaWaKakamega
Kazi zenyewe ziko wapi? Mimi ninayo digrii hiyo na nauza simu.

BintiWaFreeArea
Asanteni. Baba amesoma yote kwa simu yangu. Anauliza kama hicho kifungu cha 41 kinamhusu kibarua.

MzeeKondele
Mwambie aanze na cha 37. Kibarua akifanya kazi siku mfululizo zikatimia mwezi mzima, sheria humhesabu kama wa mshahara wa mwezi. Alikata maua miaka mingapi, umesema?