Tupeane uzoefu: kampuni za ubia na wageni, ni kitu gani kilizivusha au kuzikwamisha?

Ndugu zangu, habari za kazi. Tunapozungumzia ubia huwa tunaanza na hisa, ilhali hisa peke yake haisemi mengi. Reli ya TAZARA inamilikiwa na Tanzania na Zambia nusu kwa nusu, na kwa mgawanyo huo jambo kubwa la reli hiyo ya kilomita 1,860 haliendi upande mmoja usiporidhia. Katika Twiga Minerals, kampuni ya migodi ya dhahabu, Serikali ya Tanzania ina asilimia 16 na kampuni ya Barrick ya Kanada asilimia 84, lakini makubaliano yao yanagawa manufaa ya kiuchumi nusu kwa nusu. Ningependa tusimuliane yaliyo nyuma ya hesabu hizo: nani huamua, na wabia huelewana vipi.

Naanza mimi. Kwa miaka sita nilikuwa katibu wa bodi katika shamba la maua mkoani Arusha, ubia wa familia ya hapa na Waholanzi. Katika kikao kimoja wenzetu walileta pendekezo la kununua pampu mpya. Mwenyekiti wetu, mzee mwenye heshima zake, hakuliafiki, ila hakuona vyema kumkatalia mgeni mbele ya vijana wake, basi akasema, "Tumelisikia, tutalitazama." Nikaandika vivyo hivyo kwenye muhtasari. Waholanzi, ambao kwao anayepinga hutamka waziwazi kuwa anapinga, wakahesabu kwamba limepita. Wiki tano baadaye ankara ikafika mezani, mzee akaona amedharauliwa, nao wakaona wamegeukwa. Tangu hapo kila ajenda ilifungwa kwa neno moja kati ya matatu: limekubaliwa, limekataliwa, au limeahirishwa hadi tarehe iliyotajwa. Vilevile mzee alipewa nafasi ya kuzungumza faraghani na mwakilishi wao siku moja kabla ya kikao, ili akikataa asimvunjie mtu heshima. Naamini hatua hiyo ya pili ilitusaidia kuliko ile ya kwanza.

Mchangiaji wa Mombasa:
Ahsante kwa mada hii. Kwetu hali ilikuwa kinyume, kwa sababu tulielewana mno. Marehemu baba aliingia ubia wa maghala na mfanyabiashara wa Muscat ambaye familia yake na yetu zilijuana tangu enzi za majahazi. Kwa miaka 12 maamuzi yote yalifanywa kwa simu au barazani, kwa kahawa na halua, na bodi ilikutana kutia saini tu. Siubezi utaratibu huo: mzigo ulipokwama bandarini, mzee yule alituma fedha siku ileile bila hati yoyote, jambo ambalo benki isingelifanya. Taabu ilianza wazee wote wawili walipofariki. Sisi watoto tulipofungua mkataba hatukukuta hata kifungu kimoja kinachoeleza hisa za marehemu zithaminiwe vipi, wala nani mwenye haki ya kwanza ya kuzinunua, na ilituchukua miaka mitatu na mawakili wa pande mbili kulimaliza. Nawasihi ambao wazazi wao wabia wangali hai waulize swali hilo sasa, hata kama kuuliza kunaonekana utovu wa adabu.

Mchangiaji wa Dar es Salaam:
Mimi ni mhasibu wa kiwanda cha ubia na Wachina. Kila hundi ilihitaji saini mbili, moja ya kila upande, pamoja na muhuri. Mwaka mmoja mtia saini wao alikwenda kwao kwa sikukuu ya mwaka mpya akiwa na ufunguo wa droo ya muhuri, na mishahara ikachelewa siku tisa. Wafanyakazi waliona ni dharau. Nilipomuuliza, alinieleza kwamba kwao muhuri wa kampuni ndio unaoifunga kampuni kisheria, kwa hiyo kumwachia mtu mwingine kungekuwa uzembe mkubwa. Sasa kila upande una mtia saini mbadala mwenye ukomo wa kiasi, na muhuri hukaa kwenye kasha la funguo mbili. Mmoja ninao mimi, wa pili anao meneja wa uzalishaji, na kila muhuri unapotolewa tunaandika hati iliyogongwa kwenye daftari.