Mjadala: Watoto wadogo watengewe saa zao kwenye uwanja wa skeiti?

MamaWawili, San Diego
Wazazi wenzangu wa City Heights, tulijadili hili bila matusi. Naona tuliombe jiji litutengee Jumamosi asubuhi, mpaka saa nne, uwanja wa skeiti (ule ubao wenye magurudumu) uwe wa watoto wa chini ya miaka 10 peke yao. Jioni haukanyagiki. Juzi kijana mmoja alimkosakosa mwanangu wa miaka minne aliyekuwa juu ya skuta yake ndogo, na wala hakugeuka kutazama. Kodi si tunalipa sote?

FundiMagurudumu
Pole dada, ila napinga. Vijana hawa walifukuzwa kwenye ngazi za benki na kwenye maegesho ya maduka, kila ukuta una kibao cha marufuku. Wamepata kipande cha zege, nako tuwatoe?

Halafu tuelewane jinsi pale panavyokwenda. Anayejua kuteleza ana njia yake: anashuka rampu hii, yaani mteremko wa zege, anapanda ile, macho yako kwenye ukingo wa mbele. Akishashuka hana breki. Mtoto akikatiza hapo wanaumia wawili. Na wengi ninaowaona wakikatiza, mzazi yuko ukingoni na simu, miguu kaining'iniza ndani kabisa! Mwanao ajue kungoja zamu, asisimame chini ya rampu, na akianguka atoke kwanza, ubao ataurudia.

BabaMapacha
Nyote mna nusu ya haki. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishasema mwaka 2002: chini ya miaka 5 asipande skeiti kabisa, na wa chini ya miaka 10 awe na mtu mzima karibu. Skuta nayo ina magurudumu, kwa hiyo huyo wa miaka minne mpeleke kwenye bembea, shemeji.

Wakubwa kidogo ni habari nyingine. Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, Kokona Hiraki wa Japani alipata medali ya fedha akiwa na miaka 12. Hakuanza mwaka uliotangulia.

Linaloniudhi mimi ni helmeti. Sheria ya California inataka helmeti, kinga za viwiko na za magoti. Lakini uwanja wa umma usio na msimamizi, jiji likishapitisha kanuni na kubandika tangazo, limetimiza wajibu wake. Tangazo lipo, vichwa vitupu vipo chini yake.

MamaWawili
Wa miaka minne nimewaachia. Ila nina binti wa miaka tisa, helmeti anayo, zamu anangoja. Jioni wamejaa wavulana tu, anazunguka pembeni mara mbili tatu kisha ananiambia twende nyumbani. Huyo naye nimpeleke kwenye bembea? Na hao vijana Jumamosi asubuhi si wamelala?

FundiMagurudumu
Wamelala kweli, ndiyo maana wanaoona haya huja saa hizo. Wapo watu wazima wanaoanza leo, na kina mama wa rika lako wamo. Ukiweka mpaka wa umri, wa kwanza kufungiwa ni hao. Mlete binti saa moja na nusu asubuhi. Akikosa nafasi, barua yako ya jiji nitaisaini mimi mwenyewe.