Kozi za "mada maalumu" vyuoni Marekani: uhuru wa mwalimu au kichaka cha kujificha?

Mtoa mada

Wakuu, salaam. Siku hizi wengi wetu tuna watoto, wadogo au wapwa waliopata ufadhili wa kwenda vile vyuo vidogo vya Marekani vya sanaa huria (tusivichanganye na Chuo Kikuu Huria chetu). Wanafunzi elfu mbili hivi, karibu wote wa shahada ya kwanza, darasa la watu kumi na tano, mwalimu anakujua kwa jina. Williams, Amherst, Swarthmore, Grinnell, mnavisikia.

Huko idara zina namba za kozi zisizo na mada ya kudumu. Grinnell ni 195, 295 na 395. Chini ya namba hiyo mwalimu anaweka anachokitafiti wakati huo. Kwa kawaida haipiti mlolongo wote wa kozi ya kudumu: anaandika aya ya maelezo, mkuu wa idara anaridhia, msajili anaiingiza kwenye ratiba. Ikishafundishwa mara moja au mbili, ama inaombewa namba yake yenyewe au inakufa.

Mpwa wangu alisoma moja kuhusu miji ya Bahari ya Hindi: Kilwa, Zanzibar, Muscat, Surat. Alinipa nisome insha yake juu ya zile sarafu za shaba za Kilwa zilizookotwa kisiwani kaskazini mwa Australia mwaka 1944, na nakiri binti kafundishwa. Sasa karudi, anatafuta kazi. Kwenye transkripti (karatasi yake ya matokeo) mstari wa kozi hiyo unasomeka hivi: "Special Topic: Cities of the I". Basi, hapo hapo, "Indian Ocean" imekatwa. Mfumo wa kompyuta unaotumiwa na vyuo vingi, Banner, una nafasi ya herufi 30 kwa jina fupi la kozi, hata nafasi tupu kati ya maneno zikihesabiwa humo humo. Aliyemfanyia usaili akamuuliza hiyo "I" ni nini.

Msimamo wangu: kozi hizi zibaki, lakini mada ileile isifundishwe zaidi ya mara mbili kwa namba ya muda. Ikitakiwa ya tatu, walimu wote waipigie kura ipewe namba yake, la sivyo ifutwe. Karibuni.

Mhadhiri, Dar

Mkuu, umeanza vizuri ukaishia kuwaonea huruma. Mimi nasema ni kichaka. Hapa kwetu kozi mpya inaanzia idarani, inapanda ndaki, inafika seneti, na programu yenyewe lazima iwe na ithibati ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Inachosha, sikatai. Nimeona kozi inapita wakati aliyeiandika yuko karibu kustaafu. Lakini ikishapita, mtahini wa nje anajua mwanafunzi alitakiwa kujua nini. Huyo wa 295 anatunga mwenyewe, anafundisha mwenyewe, anatahini mwenyewe, anasahihisha mwenyewe. Nani anamwambia kwamba amepotoka?

Na msiniambie ndivyo elimu yao ilivyo. St. John's College, pale Annapolis, tangu 1937 wanafunzi wote wanasoma vitabu vilevile kwa mpangilio mmoja. Hakuna kuchagua chagua.

Binti wa Massachusetts

Shikamoo Mwalimu. Hata hao St. John's mwaka wa tatu na wa nne husimamisha semina yao kwa wiki kama nane, wanafunzi wachache wakakaa na mwalimu kwenye kitabu kimoja au mada moja waliyoichagua. Chuo chenye mtaala usiobadilika namna hiyo bado kimeacha dirisha wazi.

Mtahini wa nje nako si kwetu tu. Swarthmore wanaleta watahini kutoka vyuo vingine kwa wanafunzi wa programu yao ya heshima ("honors"), iliyoanza 1922. Kwa hiyo uhuru na ukaguzi vinaweza kukaa nyumba moja, ni chuo kutaka.

Halafu tukumbuke masomo mapya yanatoka wapi. Masomo ya Watu Weusi yaliingiaje vyuoni? Pale San Francisco State (si chuo kidogo, lakini mfano unafaa) wanafunzi Weusi walianza na kozi kwenye "chuo cha majaribio" cha wanafunzi wenyewe. Idara ikaja baada ya mgomo ulioanza Novemba 1968 ukaisha Machi 1969. Wangesubiri kamati, wangekuwa wanasubiri mpaka leo. Hata Kiswahili tunachosoma huku kwenye vyuo vitano vya bonde hili, Amherst, Smith, Mount Holyoke na wenzao, kinaendeshwa na kituo cha lugha cha pamoja, katika vikundi vidogo. Tukisema kila kitu kisubiri idara kamili, lugha yetu ndiyo ya kwanza kutoka.

Na kwako Mjomba, hiyo kura unayoitegemea si ngao. New College of Florida walikuwa na programu kamili ya masomo ya jinsia, si mada maalumu. Agosti 2023 bodi ya wadhamini ikapiga kura kuanza kuifuta. Programu nzima!

Mzazi

Mimi naongea kama mtu wa hela. Vyuo hivi bei yao ya mwaka, ukijumlisha chumba na chakula, imeshapita dola 80,000. Ndiyo, ufadhili unabeba sehemu kubwa, lakini si kwa kila mtu. Williams mwezi wa Januari mwanafunzi anasoma kozi moja tu, na alama zake ni kupita, kupita vizuri, kupita kwa shida au kufeli. Mwanangu akiniambia Januari nzima amesoma mada maalumu, nataka angalau jina lake lisomeke mpaka mwisho.

Mtoa mada

Mzazi, hapo tuko pamoja. Kurefusha jina kwenye karatasi hakuhitaji seneti wala mgomo.

Binti, la Florida nimelipokea, lakini liangalie vizuri. Kuifuta programu ile, bodi ililazimika kukaa, kupiga kura hadharani, magazeti yakaandika, watu wakapinga. Sasa chukua kozi ya mpwa wangu. Mwalimu wake alikuwa mgeni wa mkataba wa mwaka mmoja. Mkataba ukaisha, hakuna aliyepiga kura, hakuna aliyeandika, na kozi ikaondoka naye kwenye begi. Hilo ndilo linaloniuma. Mada maalumu akiwa nayo profesa mwenye ajira ya kudumu ni uwanja wa kujaribu kitu kipya. Akiwa nayo wa mkataba inakuwa njia ya chuo kujaza orodha ya kozi za kuvutia bila kuahidi chochote, si kwake wala kwa wanafunzi. Ndiyo maana nataka ile ya tatu ilazimishe uamuzi: kama Bahari ya Hindi inajaza darasa miaka miwili mfululizo, chuo kiseme wazi kama kinaitaka na kitafute mtu wa kuifundisha.

Mwalimu, kukagua kabla ya kufundisha ndiko kunakochelewesha. Kwa nini kozi isikaguliwe baada ya muhula wa kwanza, wenzake wa idara wakasoma mitihani na insha zilizosahihishwa?

Mhadhiri, Dar

Zisomwe na nani? Idara za vyuo hivyo nyingine zina walimu watano. Mtu na jirani yake wa ofisi watapitishana tu, na huyo wa mkataba ndiye atakayeogopa kuliko wote. Mkague kabla, kwa haraka, wiki sita ziwe mwisho. Kamati ikizidisha, kozi ihesabiwe imepita.

Binti wa Massachusetts

Wiki sita naweza kuishi nazo. Ila mpwa wa Mjomba ameshamaliza, sheria mpya haimsaidii. Akiomba shahada ya uzamili kwako Mwalimu, na mstari wake ule uliokatwa, utampokea?

Mhadhiri, Dar

Alete muhtasari wa kozi wenye saini ya idara na orodha ya alivyosoma. Bila hivyo, kozi hiyo siihesabu.