Kumbukumbu za miradi ya sanaa: daftari, karatasi huru, folda ya simu au sauti?

MkaaMweusi:
Wadau, nina miradi mitatu ya wiki kumi: michoro ya mkaa ya ukubwa wa A2, turubai mbili za akriliki, na vyombo vitano vya udongo. Kila mradi utaambatana na tafakuri ya maneno kama 800: nilifanya nini, kwa nini, kipi kiligoma, na ningebadili nini. Nalinganisha njia nne za kuweka kumbukumbu kazi ikiendelea: daftari la A4 lililoshonwa, karatasi huru kwenye faili la pete, folda ya picha kwenye simu, na kurekodi sauti. Kila moja inafaa nyenzo gani, na huharibikia wapi? Urembo wa daftari haunisumbui.

KurasaNene:
Mkuu, kwa tafakuri chukua daftari lililoshonwa. Sababu kubwa ni kwamba ukurasa uliokukera haung'oki kirahisi. Daftari la waya hukaribisha kuchana, na ukurasa unaochanwa ndio ambao ungekupa aya nzima mwishoni.

Angalia uzito wa karatasi kabla ya jalada. Gramu 90 hadi 100 kwa mita ya mraba zinatosha penseli na kalamu. Ukitaka kubandika vitu au kupaka rangi nyepesi, anzia gramu 150. Akriliki yenye maji inataka 200 kwenda juu, la sivyo ukurasa unajikunja kama chapati.

Uti wa daftari hupasuka kwa sababu ya vitu vilivyobandikwa. Kabla hujaanza, kata karatasi moja kila baada ya nne, ukiacha ukingo wa sentimita 2 upande wa mshono. Usiing'oe: karatasi iliyoshonwa ni jani moja lililokunjwa, ukivuta nusu hii, nusu ya pili inalegea kurasa kadhaa mbele. Bandika kwa gundi ya kijiti, au gundi nyeupe iliyopakwa nyembamba, kisha weka karatasi ya nta juu na kitabu kizito usiku kucha. Selotepu iache kabisa. Inageuka manjano, inakauka, na kinachobaki ni doa la gundi. Vipande vya gazeti navyo hugeuka manjano kwa sababu ya lignini (kemikali ya mti) iliyomo, basi piga kopi ubandike kopi.

Mpangilio: picha kulia, maneno kushoto, na pembeni acha ukingo mtupu wa sentimita 4. Ukingo huo haujazwi siku hiyohiyo. Rudi baada ya wiki ukiwa na kalamu ya rangi nyingine, ujijibu mwenyewe. Mazungumzo hayo ya kalamu mbili ndiyo tafakuri yenyewe.

BrashiBapa:
Napingana na KurasaNene kwa heshima. Daftari linakuonyesha kurasa mbili kwa wakati mmoja tu. Karatasi huru unazitandaza ishirini sakafuni, na kwa dakika tano unaona kwamba tangu wiki ya pili umekuwa ukirudia mpangilio uleule. Hilo daftari haliwezi.

Udhaifu wake ni mpangilio kuvurugika. Andika namba na tarehe pembe ya chini kulia KABLA hujachora, maana baadaye utakuwa unakisia. Na usitumie vibanio vya chuma, vinaota kutu na kuacha alama.

Kuhusu mkaa: usiuweke ndani ya daftari bila kinga. Kila ukifunga, vumbi linahamia ukurasa wa pili. Nyunyizia dawa ya kugandisha (inayoshika vumbi la mkaa lisihame) ukiwa umbali wa sentimita 30, tabaka mbili au tatu nyembamba, dakika kumi kati ya tabaka na tabaka, nje au penye hewa. Ukisogea karibu, matone yanaunganisha vumbi na kuacha madoa. Dawa ya nywele si mbadala, hugeuza karatasi manjano. Hata baada ya hapo, weka karatasi laini nyembamba kati ya kurasa.

MkaaMweusi:
Asante wakuu. Ila A2 haiingii kwenye faili wala daftari. Huko si nalazimika kupiga picha tu?

Tabaka7:
Ndiyo, na picha zina faida ambayo hakuna aliyeitaja: zinahifadhi hatua ambazo kazi yenyewe inazifunika. Mwaka 1937, mchoraji Picasso alipokuwa akichora turubai yake Guernica, mpiga picha Dora Maar aliipiga picha katika hatua zake. Turubai ile ina upana wa mita 7 na ushei, na sura kadhaa zilihamishwa au kufutwa kabisa. Bila picha zile tungekuwa na matokeo tu, bila safari yake. Akriliki yako ni vilevile: tabaka la tatu likikauka, la kwanza limekwenda.

Namna ya kupiga: kazi iwe wima ukutani, simu iwe sambamba nayo, lenzi ielekee katikati. Usisogee karibu ukitumia lenzi pana, pembe zitavimba. Rudi nyuma, tumia ukuzaji wa mara mbili. Mwanga wa dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja unatosha. Kama ni taa, weka mbili zinazofanana, kushoto na kulia, kila moja nyuzi 45, umbali sawa. Usichanganye taa ya manjano na mwanga wa dirisha. Upande mmoja utakuwa wa chungwa na mwingine wa bluu, na hakuna programu itakayokusaidia vizuri.

Mkaa una kasoro yake. Simu ikiona karatasi nyeupe tupu hudhani kuna mwanga mwingi mno, inaipunguza, na karatasi inatoka ya kijivu. Ongeza mwangaza kwa mkono, karibu hatua moja. Akriliki nayo hung'aa: ukiona doa jeupe, sogeza taa, si simu.

Kamera ya pikseli milioni 12 inatoa picha ya takriban 4000 kwa 3000, ambayo kwa nukta 300 kwa inchi inachapika sentimita 34 kwa 25. Kwa kurasa za A4 hiyo inatosha kabisa. Kwa umbile la uso, piga picha nyingine ya karibu huku mwanga ukitoka pembeni kabisa, karibu ulale juu ya kazi. Mikwaruzo yote inajitokeza.

Majina ya faili: 2025-03-14_turubai1_hatua05. Mwaka mbele, ndipo zijipange zenyewe. Jina kama "mwisho_kabisa_mpya2" ni kaburi la picha. Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumba.

KurasaNene:
Picha haisemi kwa nini, Tabaka7. Una picha 140 za turubai moja na hakuna hata moja inayoeleza ile nyekundu iliondoka kwa sababu gani.

Tabaka7:
Kweli, ndiyo maana kila picha inafuatana na mstari mmoja kwenye faili la maandishi lenye jina lilelile. Mstari mmoja tu: "nimefunika nyekundu kwa sababu jicho lilikuwa linakimbilia pembeni." Ukijilazimisha kuandika aya, utaacha siku ya tatu.

MfinyanziKimya:
Udongo mmeusahau. Hapo njia zote nne hazitoshi bila kigae cha majaribio. Tengeneza vigae vya sentimita 12 kwa 4, na kwenye kila kimoja kwaruza mstari wa sentimita 10 kamili udongo ukiwa mbichi. Baada ya kuchoma mara ya mwisho, pima tena. Ukisoma 8.8, udongo wako umesinyaa asilimia 12. Chombo unachotaka kiishie na sentimita 20, gawanya 20 kwa 0.88: kianze na 22.7. Wengi huongeza asilimia 12 juu ya 20, wanapata 22.4, kisha mfuniko haukai.

Namba ya kigae ikwaruzwe kwenye udongo au iandikwe kwa oksidi ya chuma. Wino na penseli vinateketea tanurini, unabaki na vigae kumi visivyo na jina. Kwenye daftari andika namba, mchanganyiko wa glezi (tabaka la kioo linalopakwa juu ya udongo) kwa uzito, idadi ya tabaka, joto la juu, na kigae kilikaa rafu ipi. Rafu usiidharau, joto la rafu ya juu na la rafu ya chini ndani ya tanuri moja hutofautiana.

Picha ya chombo kibichi haina thamani sana kwa rangi. Glezi mbichi inaweza kuwa ya waridi na ikatoka kijani.

SikioMoja:
Nitetee sauti kidogo. Mikono ikiwa na udongo au mkaa, hushiki kalamu, na wazo la saa nne halikungoji hadi saa sita. Rekodi dakika mbili, si zaidi. Anza kwa kutaja tarehe na jina la kazi, sema umebadili nini, umebadili kwa sababu gani, na unahofia nini.

Inapoharibikia: haitafutiki. Rekodi arobaini zisizoandikwa hakuna atakayezisikiliza, hata mwenyewe. Kila mwisho wa wiki zisikilize zote, andika sentensi moja kwa kila rekodi kwenye daftari, halafu futa zisizo na kitu. Hotuba ya dakika kumi usiithubutu.

BrashiBapa:
Nimeona pia watu wanaopika daftari zima usiku wa mwisho. Linajulikana kwa kulitazama tu: kalamu moja mwanzo hadi mwisho, mwandiko wa mtu mwenye haraka, na hakuna jaribio lililoshindwa. Tarehe zimepangana kama shanga.

MkaaMweusi:
Basi naelekea hivi: daftari la gramu 150 kwa kuandika sababu na majaribio madogo, simu kwa A2 na hatua za turubai, vigae kwa udongo, sauti mikono ikiwa michafu. Swali la mwisho: rangi za akriliki niziandikeje? Picha ya simu haziamini, na jina la kwenye tyubu linabadilika kutoka mtengenezaji hadi mtengenezaji.

KurasaNene:
Andika namba ya pigmenti (unga unaotoa rangi) iliyo nyuma ya tyubu. PB29 ni bluu ya ultramarini popote, PW6 ni nyeupe ya titani. Kisha uwiano: "PB29 sehemu 3, PW6 sehemu 1". Paka kiraka cha sentimita 3 pembeni yake na uandike "kavu", maana akriliki hukoza ikikauka: gundi inayoshika unga wa rangi ni nyeupe kama maziwa ikiwa mbichi, ikikauka inapenya mwanga kama kioo. Kulinganisha kiraka kibichi na turubai kavu ni kujidanganya.

Na taja rangi kwa maneno pia. Oktoba 1888 mchoraji Van Gogh alimwandikia mdogo wake Theo kwamba kuta za chumba cha kulala alichokichora ni za zambarau hafifu. Leo zinaonekana za bluu, kwa kuwa ile nyekundu iliyochanganywa humo imefifia. Barua ndiyo inayotuambia alikusudia nini.

MfinyanziKimya:
Kiraka hicho kipake mara mbili: kimoja juu ya karatasi nyeupe, kingine juu ya mstari mweusi wa kalamu isiyoyeyuka kwa maji. Mstari ukionekana, rangi yako haifuniki, na hapo utajua kwa nini tabaka la chini linachungulia.