Mnaoosha bloa za zamani kwa mchanga, mnaziua! Nimechoka

Wakuu, salaam. Leo nina hasira, mtanivumilia.

Kwa wasiofuatilia mambo haya: hotrodi ni yale magari ya kale ya Marekani, hasa Ford za miaka ya 1920 na 1930, ambayo vijana wa California waliyapunguza uzito, wakayaongezea nguvu injini na kwenda kuyashindanisha kwenye maziwa makavu ya Muroc na El Mirage. Injini iliyowabeba ni Ford V8 ya 1932, ile mafundi wanaiita flathead kwa sababu valvu zimekaa ubavuni mwa bloku na hedi yake, yaani kifuniko cha juu ya silinda, ni bapa. Ilipotoka ilikuwa na nguvu farasi 65 tu. Wakaanza kuifungia supachaja, yaani bloa: pampu inayozungushwa na injini yenyewe ili kuishindilia hewa ndani. Mimi naishi huku California, ni fundi, na bloa za enzi hizo ndizo ninazozitafuta, nazinunua, nazitunza.

Sasa sikieni nilichofanyiwa. Nimepata bloa ya S.Co.T., ile iliyotengenezwa Turin, Italia, na kufungwa kwenye flathead miaka ya 1950. Picha zilinitoa udenda: ganda la kijivu, oili iliyoganda kwenye kona, kibati cha mtengenezaji kipo, riveti zake hazijaguswa. Nikamwandikia muuzaji: usisafishe, usifungue, nitumie ilivyo. Akakubali, nikalipa.

Boksi limefika, nalifungua, naona uso wangu kwenye ganda! Jamaa ameipiga mchanga kwa kompresa, kisha akaipeleka kwenye mashine ya kung'arisha. Kibati kimeng'olewa. Herufi zilizotoka kwenye kalibu zimelika hadi ukipitisha kidole husikii kitu. Kumuuliza, ananijibu eti amenifanyia kazi ya bure na ameiongezea thamani! Pesa harudishi.

Na huo ni uharibifu wa nje. Nilipozungusha shafti kwa mkono nikasikia krr, krr. Kufungua, punje za mchanga zimejaa ndani, kwa sababu hakuziba tundu la kuingizia hewa wala la kutolea. Rota, zile sehemu zinazozunguka ndani na kusukuma hewa, zina michirizi kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Wanaofanya hivi hawajui, au hawajali, kwamba ndani ya bloa ya aina hii rota mbili zinazunguka zikipishana bila kugusana, na bila kugusa ganda. Nafasi iliyobaki kati yao ni sehemu chache tu za elfu moja ya inchi. Gia mbili mwishoni mwa shafti ndizo zinazozipanga zisigongane. Ukiikwangua nafasi hiyo, hewa inarudi ilikotoka na joto linapanda. Mchanga ukiingia kwenye beringi, shafti itaanza kucheza, na siku rota zikigusana kwa mwendo wa kasi hutabaki na bloa.

Kuna watu wataniambia nimezidisha, siku hizi S.Co.T. zinatengenezwa upya. Ndiyo, zinatengenezwa, na ndiyo sababu nalia! Ningetaka inayong'aa ningenunua mpya. Kilichokuwa kinaitofautisha ya zamani na ya kuiga ni kile kibati, zile herufi na ule ukwaru wa kalibu. Ameviondoa vyote. Sasa hata mimi niliyeiona kwenye picha sina cha kumwonyesha mtu mwingine akaniamini.

Wengine ni wale wanaoharibu bloa za 6-71. Bloa hii asili yake ni dizeli ya General Motors ya mipigo miwili, iliyoanza 1938: silinda sita, kila moja inchi za ujazo 71. Dizeli ile haiwezi kuvuta hewa yenyewe, lazima isukumiwe, kwa hiyo kila injini ilikuja na bloa yake. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, vijana wakazihamishia kwenye injini za petroli. Mwanahotrodi Barney Navarro alifunga mdogo wake, 3-71 ya dizeli ya silinda tatu, kwenye flathead mwishoni mwa miaka ya 1940. Leo watu wanachukua maganda ya zamani wanayawekea kioo juu, yanakuwa meza ya sebuleni! Rota zinaenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nimekuta McCulloch, bloa ya kampuni nyingine iliyofungwa kwenye flathead, imetobolewa katikati ipitishwe waya wa taa ya mezani. Ile haina dawa tena.

Na ninyi mnaotumbukiza bloa kwenye tanki la kostiki, ile soda kali ya kuondolea grisi, acheni. Bloku ya chuma itatoka salama, ganda la aluminiamu linaliwa mkiwa mnaangalia.

Bloa ikija kwako chafu, iache chafu. Ukilazimika kuisafisha, ziba matundu yote kwanza. Mafuta ya taa na brashi ya nailoni vinatosha kwa nje. Kabla ya kutoa gia, tia alama meno yanayokutana, piga picha, na kila shimu, kile kibati chembamba cha kurekebisha nafasi, irudi upande ilikotoka. Sili zilizokauka usizitupe, ndizo za kupimia mpya. Halafu paka oili rota na uziweke mbali na sakafu yenye unyevu.

Ya kwangu nimeshaifungua yote. Beringi nitabadilisha, gia zimepona, ganda nadhani litarudi kazini. Rota ndizo zinaniumiza kichwa. Mwenye rota za S.Co.T. za zamani, hata kama zimekaa banda la kuku miaka 50, anicheki inbox. Ila tafadhali, usizifute hata vumbi.